Kumbukumbu za Waumini na Usemi Wake: Mfano wa Dumila, Kilosa

Jumuiya ya waumini, iwe parokia, parishi, usharika au jamaa ya msikiti, huwa na akiba mbili za habari zake. Akiba ya kwanza imo katika karatasi: vitabu vya ubatizo na vya ndoa, madaftari ya sadaka, mihutasari ya vikao, na barua za kuwatambulisha waliohama. Akiba ya pili imo vinywani mwa watu: jinsi dini ilivyofika, nani aliyetoa kiwanja, nani aliyegombana na nani, na ni nani aliyepika siku ile ya kuezeka paa. Wengi waliotaka kuziokoa akiba hizi wameidhania kazi hiyo kuwa ya mtunza nyaraka peke yake, kana kwamba sanduku jema na kufuli vyatosha. Makala haya yanashikilia kuwa kazi hiyo ni ya mwanalugha pia, kwa sababu kinachopotea kwanza mara nyingi si karatasi bali ni usemi. Maandishi yaliyokwisha kuchapwa juu ya jumuiya za namna hii katika Afrika ya Mashariki, yakipimwa vema, huonyesha faida na hasara ya kila njia iliyokwisha kujaribiwa.

Dumila ni mahali pafaapo kulipimia jambo hili. Mji huo umekaa penye njia panda, pale barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Upande wa magharibi, katika milima ya Ukaguru, iko Mamboya, ambako wamisionari wa CMS walianza kituo yapata mwaka 1880. Upande wa kaskazini-mashariki, chini ya milima ya Unguu, iko Mhonda, misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo, iliyofunguliwa mwaka 1877. Kwa hiyo Dumila si chemchemi ya kwanza ya Ukristo katika sehemu zile, wala Uislamu haukuanzia hapo, kwani ulipanda bara pamoja na misafara kabla ya misheni zote mbili. Dumila ni mji wa njiani, ambamo Wakaguru, Wanguu, Waluguru, Wagogo na wengine wengi wamekutana kwa kilimo na biashara.

Mji wa namna hii una shida yake ya pekee. Muumini amezaliwa kwingine, amebatizwa kwingine, pengine ameoa kwingine tena, na habari zake zimegawanyika katika vitabu vya mahali patatu au panne. Mwenye kutaka kuandika habari za jumuiya ya njia panda hatazikuta zote katika kabati la ofisi moja. Barua ya uhamisho, ambayo makarani wengi huitupa mara mgeni akishapokewa, ndiyo uzi pekee unaomwunganisha mtu na kitabu chake cha kwanza. Ikitupwa, mtu huyo huwa kana kwamba ameanza kuishi siku aliyofika Dumila.

Tena ni mji wa bondeni. Mwezi wa Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, ukaharibu daraja na kuikata barabara kuu, na maji yakaingia katika makazi ya Dumila na Magole. Miaka minne tu kabla ya hapo, katika mvua za Desemba 2009 na Januari 2010, mji wa Kilosa wenyewe ulikuwa umekumbwa na mafuriko ya mto Mkondoa. Mahali kama hapo daftari lililowekwa rafu ya chini, katika chumba chenye sakafu iliyo sawa na ardhi, halina kinga. Mchwa na unyevu hula pole pole, lakini maji ya usiku mmoja humaliza yote. Jambo hili halihitaji hoja ndefu, wala dawa yake si ngumu: rafu ya juu, nakala ya pili iliyowekwa mbali, na orodha ya vitabu vilivyopo.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaagiza jambo karibu na hilo, yaani kila parokia iwe na vitabu vyake na hifadhi yake, askofu au mjumbe wake avikague wakati wa ziara, vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu, na orodha ya nyaraka iandikwe nakala mbili, moja ikae jimboni. Agizo ni jema. Linalobaki ni kulitimiza. Kwa upande wa serikali, sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka za taifa inashughulika na kumbukumbu za umma. Jumuiya ya dini isiyojitunzia karatasi zake isitazamie kwamba ofisi nyingine italazimika kumtunzia.

Walakini karatasi, hata zikiokoka zote, zina upungufu ambao maji hayakuuleta. Umbo la kitabu cha ubatizo lilitoka Ulaya. Lina nafasi ya jina la mtoto, majina ya wazazi, wasimamizi, mhudumu, mahali na siku. Sasa Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika jamii ya namna hiyo, kujua mtu ni wa ukoo gani na mjomba wake ni nani ni kumjua mtu mwenyewe. Kitabu hakikuuliza neno hilo. Mtafiti akilifuata daftari peke yake atazijenga jamaa za baba na watoto wao, naye atastaajabu kwa nini watu waliohamia pamoja, waliojenga pamoja na waliogombana pamoja hawaonekani kuwa na uhusiano wowote. Uhusiano ulikuwako, ila umbo la kitabu halikuwa na mahali pa kuutia. Ndiyo maana akiba ya karatasi haiwezi kusomeka bila ya ile ya vinywa. Mzee mmoja anayeweza kusema kwamba huyu na yule ni watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja anakifungua kitabu kizima.

Hali kadhalika, lugha ya madaftari haijachunguzwa kama istahilivyo. Makatekista na waalimu walioandika vitabu hivyo walikuwa waandishi wa Kiswahili wa kwanza katika vijiji vyao, na kwa wengi Kiswahili hakikuwa lugha ya mama. Maneno waliyoyashika yanatoka katika mapokeo mbalimbali: Biblia ya Kiunguja iliyotimia mwaka 1891, Biblia ya Kimvita ya mwaka 1914, na baadaye ile ya muungano ya mwaka 1952. Mwenye kuzijua tafsiri hizo tatu aweza kukadiria mwandishi alifundishwa na nani na lini, hata pale tarehe ilipofutika. Lakini hayo huwezekana ikiwa tu daftari limebaki kama lilivyoandikwa. Mara nyingi, mtu mwenye nia njema anapolinakili husahihisha tahajia, huondoa maneno ya Kikaguru, na kulifanya Kiswahili chake kiwe sanifu. Anadhani amelitengeneza, kumbe amefuta ushahidi.

Habari nyingine za sehemu hizi zimehifadhiwa mbali sana. Barua na taarifa za CMS ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Nyaraka za Mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. J. T. Last, aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886, na vitabu vyake ni katika maandishi ya kwanza juu ya lugha ya mahali hapo. Nyaraka hizo zimetunzwa vema, na bila ya hizo miaka ya mwanzo isingejulikana. Ila ziliandikwa kwa wakubwa wa nyumbani waliotoa fedha, na mwenye kuandika kwa mtoa fedha huchagua la kusema. Mwafrika aliyefungua njia, aliyefasiri mahubiri na aliyekaa kituoni mzungu alipougua, mara nyingi hutajwa kwa jina moja la ubatizo, au hatajwi kabisa.

Mtaalamu T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru tangu mwaka 1957, alijaribu kuziunganisha akiba hizi mbili katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya CMS katika nchi ile, kiitwacho Colonial Evangelism. Sifa ya kitabu hicho ni ujasiri. Anaweka wazi mambo ya fedha, ya nidhamu, na ya umbali uliokuwapo baina ya wamisionari na waumini wao, mambo ambayo kitabu cha sherehe hakiyagusi. Lakini msomaji wa Kiswahili akikifunga anabaki na njaa. Jumuiya imechambuliwa, walakini haisikiki ikisema. Maneno ya Wakaguru yamepita katika Kiingereza cha mtaalamu, nao wenyewe, ambao habari ni zao, wengi hawawezi kukisoma kitabu hicho wakamwambia kwamba hapa umekosea. Habari zilizohifadhiwa pasipo uwezo wa wenyewe kuzisahihisha zimehifadhiwa nusu.

Vitabu vitatu vya zamani vyaweza kulinganishwa hapa, kwani kila kimoja kilijaribu njia yake. Cha kwanza ni Kiungani, kilichotolewa London mwaka 1887 na A. C. Madan wa misheni ya UMCA. Ndani yake wamo vijana wa shule ya Kiungani, Unguja, wengi wao wakiwa wametolewa utumwani, wakieleza makwao, jinsi walivyokamatwa na jinsi walivyofika pwani. Kwa thamani ya habari ni vichache vinavyokizidi. Lakini Madan alikichapa kwa Kiingereza. Vijana waliandika Kiswahili, msomaji akapewa tafsiri. Mwanalugha wa leo angetoa mengi kuyapata maneno yale yenyewe ya watoto wa Kiyao, wa Kimakua au wa Kinyasa waliojifunza Kiswahili ukubwani: walichagua wakati gani wa kitenzi kueleza kukamatwa kwao, walimwitaje yule aliyewauza. Tafsiri haiwezi kumjibu. Ni onyo kwa kila mwenye kukusanya masimulizi leo na kuyaandika moja kwa moja kwa lugha ya ripoti.

Cha pili ni Mwaka katika Minyororo cha Samuel Sehoza, kilichochapwa mwaka 1921. Sehoza alikuwa mtu wa UMCA aliyefungwa na Wadachi wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1914. Katika miaka hiyo hiyo waalimu wa CMS wa Ugogo na Ukaguru nao waliteswa na kufungwa, hata Tabora ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916. Faida ya kitabu cha Sehoza ni kwamba aliyepatwa ndiye aliyeandika, naye akaandika kwa Kiswahili, miaka michache baada ya mambo kutokea. Laiti kila kituo cha Ukaguru kingalikuwa na Sehoza wake! Mateso ya waalimu wa nchi ile hujulikana zaidi kwa kalamu za wengine kuliko kwa kalamu zao.

Cha tatu ndicho mashuhuri zaidi: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Ni habari ya jumuiya nzima, yaani ya watu wa Freretown karibu na Mombasa, waliotolewa utumwani wakawekwa katika kituo cha CMS. Na baba wa mwandishi alikuwa mmoja wao. Kiswahili chake ni chepesi na chenye mwendo wa msimulizi wa jioni, ndiyo maana kilisomwa shuleni miaka mingi. Lakini kitabu kimejengwa juu ya mstari mmoja tu: giza la utumwa, kisha nuru ya wakombozi. Waarabu wamewekwa upande mmoja, Waingereza upande wa pili, na waliokombolewa wakabaki katikati kama watu wa kushukuru. Mwenye kukisoma yafaa asome sambamba nacho malalamiko ya mwaka 1881 juu ya adhabu kali za viboko katika kituo kile kile, ambayo yamo katika kumbukumbu za wakati huo. Neno hili halimpunguzii Mbotela heshima. Aliandika alichokirithi, na alichokirithi kilikuwa kimekwisha kulainishwa na kusimuliwa mara nyingi katika sikukuu. Hapo ndipo penye somo: masimulizi ya jumuiya, yakiachwa yajitunze yenyewe, huelekea kuwa hotuba ya shukrani.

Mwelekeo huo ndio unaovitawala vitabu vidogo vya jubilei, ambavyo siku hizi ndivyo njia kuu ya jumuiya kuchapa habari zake. Kwa kawaida huanza na barua ya kiongozi, hufuata orodha ya wachungaji au mapadre, kisha majengo na tarehe za kuwekwa wakfu, kisha picha za kamati. Vina kazi yake, na orodha zake ni za manufaa. Ila lugha yake huua simulizi. Mathalani, na huu ni mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo tu, mzee aweza kusema: “Tulikuja na majembe yetu, tukalala chini ya mkuyu siku tatu, mvua inatupiga, ndipo yule mama akatuambia, haya wanangu, njooni mlale kwangu.” Katika kitabu cha jubilei maneno hayo hugeuka kuwa: “Waasisi walipokelewa kwa ukarimu na wenyeji.”

Tofauti ya sentensi hizo mbili si ya urefu tu. Kitenzi cha kutendwa kimemsogeza mtendaji mwishoni mwa sentensi. Mfuatano wa -ka-, unaolichukua tukio hatua kwa hatua, umekatwa. “Yule”, neno la kuonyesha kwamba wasikilizaji wanamjua mtu anayetajwa, limetoweka, na pamoja nalo umetoweka ujuzi wa pamoja ulioifanya hadithi kuwa mali ya jumuiya. “Wanangu” limekwenda, ambalo lilieleza uhusiano mpya baina ya mwenyeji na mgeni kuliko aya nzima ya maelezo. Na zaidi ya yote, mwanamke aliyewapa malazi, ambaye pengine nyumba yake ndiyo iliyokuwa kanisa la kwanza, amekuwa “wenyeji”. Mtu aweza kutafuta katika vitabu vingi vya namna hiyo asiwapate wanawake ila katika picha ya kwaya. Hawakufutwa kwa chuki. Walifutwa na sarufi ya ripoti.

Kuna hatari ya pili iliyo kinyume cha hiyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulieneza katika makanisa ya Afrika ya Mashariki desturi ya ushuhuda, yaani mtu kusimama mbele ya wenzake na kueleza maisha yake. Ushuhuda ni utanzu kamili wa fasihi simulizi: una mianzo yake, una pindo lake mahali wokovu unapoingia, na una maneno ya kuitikiwa na wasikilizaji. Mwenye kuutumia kama habari za kale yampasa ajue kwamba umbo hilo hudai maisha ya kwanza yawe maovu, na ya pili yawe mema. Mtu aliyekuwa mkulima mtulivu aweza kujisimulia kama mlevi mkuu, si kwa uongo, bali kwa kuwa ndivyo utanzu unavyotaka. Asiyeutambua ataliandika kanuni ya utanzu kana kwamba ni tukio.

Je, masimulizi yaaminiwe kwa kipimo gani? Jibu moja liko karibu kuliko linavyodhaniwa. Wanazuoni wa Kiislamu wa pwani hawakupokea elimu bila ya kutaja walioipokeza, mmoja baada ya mmoja, na wafuasi wa tarika huhifadhi silsila yao kwa namna hiyo. Katika Kadiria ya Bagamoyo, Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa na kufariki mwaka 1931 akiwa kiongozi mkubwa, cheo chake kilisimama juu ya mnyororo wa ijaza, wala si juu ya nasaba. Kanuni hiyo ingefaa jumuiya yoyote ya Dumila, ya Kikristo au ya Kiislamu. Kila simulizi liandikwe pamoja na jina la msimulizi ikiwa ameridhia, mahali na siku, na juu ya hayo, alilipokea kwa nani, na huyo kwa nani. Yakipatikana masimulizi mawili yanayopingana juu ya nani aliyetoa kiwanja, yasipatanishwe na kamati. Yaandikwe yote mawili, kila moja na mnyororo wake. Kupingana kwenyewe ni habari: huonyesha kwamba kiwanja kilikuwa na madai mawili, na pengine jumuiya yenyewe ilikuwa na pande mbili.

Hapa swali la adabu haliepukiki. Mihutasari ya vikao vya wazee ina mashauri ya ndoa, madeni, tuhuma za uchawi na adhabu za kutengwa na meza. Wahusika au watoto wao wako hai, na katika mji mdogo herufi ya kwanza ya jina yatosha kumtambulisha mtu. Wengine huchagua kuzichoma karatasi hizo, wengine kuzitangaza. Njia zote mbili ni mbaya. Kuna ya tatu: kuzitunza zikiwa zimefungwa kwa muda uliokubaliwa, na kuandika katika orodha kwamba zipo na zitafunguliwa lini. Siri iliyoorodheshwa haidhuru mtu, na vizazi vijavyo havitadhani kwamba hapakuwa na ugomvi.

Kwa upande wa sauti, kazi imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa zamani za mashine za utepe, kwani simu ya mkononi yaweza kurekodi saa nzima. Wepesi huo una mtego. Sauti isiyo na jina, tarehe wala maelezo, iliyobaki ndani ya simu moja, ina maisha mafupi kuliko daftari lililowekwa katika chumba chenye unyevu. Rekodi ihamishwe, ipewe maelezo yake, inakiliwe neno kwa neno pamoja na maneno ya Kikaguru au ya Kinguu yaliyomo, na nakala ikae mahali pengine pasipofikwa na mafuriko yale yale. Tafsiri na usanifishaji vije baadaye, pembeni mwa maandishi ya asili, visiyaondoe.

Vyuo vya Kiswahili vina deni katika jambo hili. Tenzi na tarikhi za pwani zimetafutwa kwa bidii tangu karne ya 19, na ilistahili. Madaftari ya makatekista wa bara, barua za waalimu na simulizi za waanzilishi wa vigango hazikupata bidii hiyo, kwa kuwa zilidhaniwa kuwa karatasi za ofisi. Hata hivyo misheni ya UMCA ilikwisha kuonyesha njia mapema: gazeti la Msimulizi, lililoanza kutolewa Kiungani mwaka 1888, lilichapa kwa Kiswahili habari za vituo vya mbali kwa kalamu za waalimu wenyewe. Kiswahili cha bara, ambacho leo ndicho cha wasemaji walio wengi, kiliandikwa kwanza katika maandishi ya namna hiyo. Atakayetaka kueleza jinsi lugha hii ilivyovuka kutoka kinywa cha mfanyabiashara hadi kalamu ya mkulima hatapata ushahidi bora kuliko ule uliomo katika makabati ya Mamboya, Mhonda na Dumila, ikiwa makabati hayo bado yana kitu.

Wazee walioziona jumuiya hizo zikianza wanapungua kila mwaka, na mto Mkundi hauna miadi. Kati ya hasara hizo mbili, ya mto yaweza kuzuiwa kwa rafu na nakala. Ile nyingine haizuiliki ila kwa mtu kwenda kukaa na mzee, kumsikiliza mpaka amalize, na kuandika alivyosema.